Midomo Bila Sauti

“Sikubali, Maalim. Nisamehe sana, lakini sikubali.”

“Hukubali nini, Bibie? Mimi ndiye ninayeacha kufundisha. Anayeacha haombi ruhusa.”

“Ungeacha kwa sababu ya mguu ningekuelewa. Kwa sababu ya uongo, hapana.”

“Uongo!” Maalim Alawi aliisogelea simu yake mpaka televisheni yangu ikajaa ndevu tupu. “Mguu ndio mbovu, macho ninayo. Nawaona. Nikisoma nao, wananifanyia hivi.” Akafungua mdomo na kuufunga, akaufungua na kuufunga, bila kutoa sauti. “Midomo inacheza, sauti hamna. Watoto wa chuo changu mwenyewe wananifanya kichekesho.”

Watoto waliokaa mkekani nyuma yangu walitazamana. Hakuna aliyecheka. Binti yangu Amna, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameanza kutokwa na machozi, na Amna si mtoto wa kulia ovyo.

Maalim Alawi alifundisha chuo cha dini mtaani kwetu Sokomatola tangu mimi mwenyewe sijaota meno ya ukubwani. Mwaka jana aliteleza barazani kwake akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, binti yake Asmaa akamchukua akae naye Iringa, Makorongoni, na sisi Mbeya tukabaki na chuo kisicho na mwalimu. Wazazi wenzangu walisikitika. Mimi kusikitika huwa sioni kunasaidia nini. Nilisukuma magunia ya mchele wa Madibira ukutani, stoo ya nyuma ya duka langu ikapata nafasi, nikatandika mkeka, nikaiunganisha simu yangu na televisheni. Kila siku ya chuo, baada ya alasiri, Maalim anapiga simu ya video, uso wake unatokea mkubwa kuliko alivyo, na watoto wanasoma. Wakimaliza wanapanga foleni kuibusu simu yangu, kwa kuwa mkono wa Maalim hawaufikii. Hilo sikuwafundisha mimi. Mimi kazi yangu ni kufuta kioo.

Asmaa aliwahi kuniambia kwamba siku ya chuo baba yake anaoga mapema, anavaa kanzu iliyopigwa pasi na kujipaka mafuta mazuri. Siku zisizo na chuo anashinda na shuka dirishani, na chakula mpaka abembelezwe. Kwa hiyo nilijua alichokuwa anakiacha pale. Na nilijua kwamba akikata simu ile, hakuna kesho. Baba yake Adamu, mmoja wa wanafunzi, alikuwa ameshaanza kusema mzee aachwe apumzike, watoto wapelekwe kwa ustadhi kijana wa mtaa wa pili.

“Maalim, hawa wanasoma mpaka majirani wanalalamika.”

“Majirani gani?”

Bahati yangu, mlango ukagongwa. Alikuwa Sekela, mwenye saluni ya ukuta kwa ukuta na stoo yangu, kitana kimechomekwa kichwani.

“Mama Amna, leo kuna msiba? Mbona kimya?”

Nilimshika mkono nikamsimamisha mbele ya simu. “Mwambie Maalim. Watoto wanasoma au hawasomi?”

“Shikamoo, baba,” Sekela alipiga magoti kidogo, kama kwao wanavyosalimia wakubwa. “Hawa? Baba, wananimaliza! Juzi mteja ameondoka na nywele nusu kichwa, anasema kichwa kinamgonga. Hata mimi ile waliyosoma jana nimeshaishika mwanzo wake.”

“Umeniletea shahidi asiyejua anachokisikia,” Maalim alinijibu mimi.

“Baba, kelele ni kelele,” Sekela alisema. “Haichagui dini.”

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alishusha macho.

“Mpaka jirani umemfundisha la kusema, Bibie. Kwa kunihurumia.” Sauti yake ilikuwa imepungua. “Bora mngenicheka waziwazi. Asmaa, chukua simu yako.”

Picha ikayumba, dari, pazia, kisha uso wa Asmaa, kisha sufuria. Alikuwa amekimbilia jikoni.

“Bibie, usimkasirikie,” alinong'ona. “Na mimi siwasikii.”

“Na wewe?”

“Wallahi. Wakisoma mmoja mmoja nawasikia vizuri kabisa. Wakisoma wote pamoja, namsikia baba tu. Wao naona wanatafuna hewa.”

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Wakisoma mmoja mmoja, Maalim anafanya nini? Anasikiliza. Wakisoma wote, anafanya nini? Anasoma nao. Ndivyo chuo kilivyokuwa siku zote: sauti yake iko chini, zetu ziko juu yake, na haiachi mpaka sura iishe. Nikakumbuka diploma yangu ya ununuzi na ugavi, ule muhula tuliosomea mtandaoni. Mhadhiri alikuwa hachoki kutuambia: zimeni vipaza sauti vyenu, mkiongea juu yangu simu zinachagua mmoja na kummeza mwingine.

“Asmaa, funga mdomo. Usiseme kitu hata kidogo. Watoto, someni!”

Wakasoma. Sekela akaziba masikio. Kwenye televisheni, Asmaa alishika kifua.

“Jamani! Hawa wote wako hapo?”

“Sasa ongea juu yao. Hesabu namba, sema chochote.”

Akaanza kuhesabu. Alipofika tano akaacha, macho yamemtoka. “Wamekatika! Nikisema wanakufa, nikinyamaza wanafufuka.”

“Basi ndiyo hiyo. Simu yenu inamsikiliza baba yako, sisi inatutupa. Nenda kamwambie anyamaze watoto wakisoma.”

Asmaa alinitazama kama nimemwambia akamnyoe baba yake ndevu. “Mimi? Nimwambie baba anyamaze? Tena akiwa anasoma?”

“Sasa nani?”

“Sijui. Mimi siwezi.” Akafikiri, akashusha sauti zaidi. “Sikiliza, mwenzangu. Kuna hii alama ya kipaza sauti. Nitakaa pembeni yake. Wakianza kusoma wote, naibonyeza. Yeye atasoma zake, simu haitampeleka, na watoto atawasikia. Hatajua kitu. Kila mtu atafurahi.”

Ilikuwa njia rahisi, na mimi napenda njia rahisi. Sekela alitikisa kichwa kukubali. Lakini akilini nilimwona yule mzee na kanzu yake ya pasi, anawasomea watoto wa Mbeya kwa pumzi yake yote, na hakuna anayemsikia, na sisi sote tunajua isipokuwa yeye. Alichokuwa amekiogopa ndicho hicho. Midomo yake ingecheza bila sauti, na safari hii ingekuwa kweli.

“Hapana,” nilisema. “Mrudishie simu.”

“Bibie, utamuumiza.”

“Ameshaumia. Mrudishie.”

Maalim alitokea tena, uso umegeukia dirishani.

“Maalim, watoto wanasoma na simu inawameza. Sauti yako na zao zikikutana, simu yako inachukua yako na kuzitupa zao. Hawakuchezei. Ukitaka kuwasikia, wakisoma wote wewe unyamaze.”

Nyuma yangu Adamu alivuta pumzi kwa nguvu. Asmaa alionekana ubavuni mwa baba yake, mkono mdomoni.

Maalim aligeuka polepole. “Unaniambia nini?”

“Unyamaze, Maalim.”

“Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Hata marehemu mke wangu, na alikuwa na kila sababu.”

“Ningekuwa na neno lingine ningelitumia.”

“Huna. Hujawahi kuwa nalo, tangu mdogo.” Akasugua goti. “Na nikinyamaza, watanishika wapi? Wao wanasoma kwa kunishika mimi.”

“Watajaribu. Wakianguka, wewe si upo?”

Amna alisimama pale mkekani, pua inamtoka. “Maalim, mimi nitashika mbele. Wengine wanishike mimi.”

Mzee aliisogelea simu amtazame vizuri. Kisha akamwambia Asmaa aizime sauti yake kwenye simu, asije akajisahau. Asmaa akabonyeza, na kwetu ule mvumo wa chumba cha Iringa ukakatika.

Amna akaanza. Wengine walichelewa, wakamfikia, wakapishana njiani kama watu wanaoshuka ngazi gizani, kisha wakakaa sawa. Sikuwa nimewahi kuwasikia bila sauti ya Maalim chini yao. Zilikuwa sauti nyembamba na zilijitegemea. Nilipoinua macho kwenye televisheni, Maalim alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anasoma nao. Hakuweza kujizuia, masikini, alikuwa anasoma nao kila neno, na machozi yanamwingia kwenye ndevu. Sekela alichomoa kitana kichwani akakishika kwa mikono miwili kama aliye kanisani.

Sura ilipoisha, Maalim alimwashiria Asmaa. Mvumo wa chumba ukarudi.

“Adamu,” alisema.

“Naam, Maalim.”

“Pale katikati umeruka aya nzima, ukaungana na wenzako mbele. Ulidhani watakuficha.”

“Ndiyo, Maalim,” Adamu alijibu, na sijawahi kuona mtoto aliyekamatwa akitabasamu namna ile. Watoto wote wakalipuka kwa kicheko, na Maalim akawaacha wacheke, anafuta uso kwa mkono wa kanzu.

“Asmaa, alama ya kuzimia sauti iko wapi?”

Asmaa akanyoosha kidole.

“Usibonyeze wewe. Nionyeshe tu.” Kisha akatutazama sote, chuo chake kizima, na magunia yangu, na Sekela. “Toka mwanzo. Adamu ndiye anayeshika mbele.”

Dole gumba lake likaja likashuka, likajaa kwenye televisheni yote, na yeye mwenyewe akajizima.