Ubatizo wa Rosalia Akoth

Katika darasa la ubatizo la kigango chao cha Nyalenda, Aoko ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa sauti. Alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika ufuko wa Dunga, na kusoma hakujua. Lakini darasa lile halikuhitaji macho sana. Mwalimu Nicodemus, katekista wao, alifungua katekisimu, kijitabu chake cha maswali na majibu, akasoma swali, akasoma jibu, nao wakaitikia mpaka jibu likakaa.

Aoko aliyachukua majibu yale mpaka ufukweni. Akigeuza omena juani alijiuliza na kujijibu kwa nguvu, wenzake wakamcheka kwamba siku hizi anawahubiria samaki. Alicheka nao. Moyoni, hata hivyo, alikuwa na wasiwasi.

"Mwalimu, mengine nayasema tu," alimwambia Nicodemus siku moja baada ya somo. "Siyaelewi."

"Yaweke tu, mama. Kuelewa kutakukuta njiani."

Jibu hilo halikumridhisha, ila hakuacha kuja.

Kwaresima ya mwaka wa themanini na tisa ilipofika katikati, mvua ilinyesha usiku kucha na vijia vya Nyalenda vikageuka mito. Asubuhi hiyo jirani yake Dorca alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mumewe, Gordon, alikuwa Port Victoria kwa kazi ya uvuvi. Aoko alimkimbilia Mama Habiba, mkunga wa mtaa, naye akaja amekunja buibui mpaka magotini.

Mtoto alizaliwa mapema, msichana mdogo wa kutisha, midomo imegeuka buluu. Habiba alimsafisha kinywa, akamsugua mgongo. Mtoto akavuta pumzi, akanyamaza, akavuta tena.

"Yu hai," Habiba alisema, "lakini lazima hospitali, na sasa hivi."

Dorca, aliyekuwa Mkatoliki tangu utotoni, alimshika Aoko mkono. "Mwite padre. Mtoto wangu asiondoke bila ubatizo."

"Na maji haya, dada, padre atapitia wapi?"

Dorca akaanza kulia. Hapo ndipo swali lilipomjia Aoko, kwa sauti ileile ya Nicodemus: Nani aweza kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa? Mdomo wake ukajibu wenyewe: "Mtu yeyote aweza, akimmwagia maji kichwani na kusema maneno ya ubatizo, huku akikusudia kufanya lile linalofanywa na Kanisa."

Mtu yeyote. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno, na leo ndiyo kwanza alilisikia.

"Dorca, mimi mwenyewe sijabatizwa."

"Si umesema yeyote? Fanya! Mwite Rosalia."

Aoko alichota maji kikombeni. Habiba akamzuia, akayachanganya na ya moto kidogo. "Usimmwagie ya baridi, utammaliza." Kisha akamkinga mtoto kichwa kwa kiganja chake.

"Rosalia," Aoko alisema, akimwaga, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imekuwa nyembamba kabisa, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Habiba alimfunga mtoto kifuani pa Aoko, ngozi kwa ngozi, akawafunika shuka. Aoko akapita majini mpaka barabara ya lami, na dereva wa lori la mchanga akamfikisha hospitalini. Mtoto alilazwa. Mvua ilipokwisha Dorca alimfuata, akamkuta ana nguvu ya kunyonya. Baba yake aliporudi akamwongezea jina la Akoth, yaani aliyezaliwa wakati wa mvua.

Kigangoni maneno yakaanza. Mzee Masinde, mwenyekiti, hakuridhika. "Mtu ambaye hajabatizwa atatoa wapi ubatizo wa kumpa mwenzake?" Aoko alikosa usingizi, akihofia amemharibia mtoto kitu kisichotengenezeka.

Padre alipokuja alimketisha. "Ulifanyaje, mama?"

Akaeleza yote, hata yale maji ya uvuguvugu.

"Nawe ulikusudia nini?"

"Apate kile ambacho Kanisa linawapa wengine, Padre. Zaidi ya hapo sikujua."

"Inatosha. Ubatizo ni wa Kristo. Wewe umemwazima mkono tu. Mtoto ameshabatizwa, wala harudiwi."

Mzee Masinde aliomba asomewe jibu lile kwenye katekisimu. Alilirudia polepole mwenyewe, kisha akampa Aoko mkono.

Tangu siku hiyo Aoko akawa tabu darasani. Kila jibu alilikamata. "Na hili, Mwalimu, ni la siku gani?" Nicodemus alilazimika kufunga kijitabu na kueleza, na masomo yakawa yanachelewa kwisha, wala hakuna aliyelalamika.

Jumapili ya Pasaka Aoko alibatizwa, akaitwa Filista. Baada yake Dorca alimleta Rosalia apakwe mafuta matakatifu na kuvikwa nguo nyeupe. Mtoto alipiga kelele hata kanisa zima likageuka.

Mchana walikula samaki kwa Dorca. Habiba, akichambua mifupa, alimtazama Aoko kwa ujanja.

"Niambie, Filista. Huyu alikutangulia ubatizo. Sasa ni mwanao au ni dada yako mkubwa?"

"Dada mkubwa," alisema Aoko, akimpokea mtoto. "Ndiyo maana ananipigia kelele."