Pipa Namba Nne la Drenjača

Miloje alikuwa ameharibu kazi ya miaka mitatu kwa kusahau alama moja ya mkwaju, kile kistari cha mshazari (/), nami niliamua kumwaibisha mbele ya taasisi yetu nzima ya serikali. Sikujilazimisha. Nililifurahia jambo hilo tangu nilipolala hadi nilipoamka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya rakija, pombe kali ya plamu wanayoichemsha watu wa kijiji cha Drenjača. Kijiji kilitaka muhuri wa serikali, ili mtu wa bonde la pili asiuze maji yake ya kuoshea masufuria kwa jina lao. Tume inayotoa mihuri hiyo ikaweka sharti: mapipa ya nyumba moja yasipishane mno kwa ladha. Yakizidi kipimo, hakuna muhuri, wala hakuna kuomba tena kwa miaka kumi.

Tulichukua sampuli katika nyumba kumi na nne, kila nyumba mapipa manne, kila pipa chupa tatu. Waonjaji walitoa alama bila kujua chupa imetoka wapi. Kila nyumba ilikuwa imeyaandika mapipa yake kwa chaki, moja hadi nne, na hapo ndipo Miloje alipoteleza. Aliiambia kompyuta kwamba kuna nyumba na kuna mapipa, basi. Hakuiambia, kwa ule mkwaju, kwamba pipa limo ndani ya nyumba. Kompyuta haijawahi kutia mguu Drenjača, ikaamini alichoambiwa.

Kwenye mkutano wa Jumatatu nilisimama.

"Miloje, ndugu yangu, hebu tuambie. Drenjača kuna mapipa mangapi?"

"Manne," akasema, mdomo umejaa mkate na kajmak, ile malai nzito ya maziwa.

"Manne! Kwa hiyo pipa namba moja linalala kwa Kosara, asubuhi linaamkia kwa padri?"

Watu walicheka. Profesa Sretenović, mkuu wetu, alivua miwani akafuta machozi.

"Namba moja ni namba moja, Vida," akasema Miloje, masikio yamemwiva.

"Ni hamsini na sita, bwana wee! Nyumba, mkwaju, pipa! Namba moja ya huku haina undugu na namba moja ya kule!"

Nikaiweka ile alama mwenyewe, nikaendesha hesabu upya, na kicheko kikanikauka. Hesabu ya Miloje ilikuwa imeipitisha Drenjača vizuri tu. Yangu ilionyesha kwamba mapipa ya nyumba moja yanapishana mara mbili ya kipimo cha tume. Kijiji kilikuwa kimefeli, na mimi ndiye niliyekifelisha. Ripoti ilitakiwa Ijumaa.

Alhamisi nikaenda kumwambia Kosara, mwenyekiti wa chama chao. Ni mjane, ana mikono ya mpasua kuni, na majira matatu ya kiangazi nilikuwa nimekula kwake kama mtoto wa nyumbani. Aliniketisha, akanimiminia glasi kama kawaida yake. Roho iliniuma.

"Mmefeli, mama. Mapipa yenu hayafanani hata kidogo."

"Yafanane kwa nini?" Alinitazama kama aliyeambiwa viatu na kofia vinapaswa kulingana. "La kwanza la harusi na matanga. La pili letu wenyewe. La tatu la daktari na padri. La nne la watu wa serikali."

"Hapa kwako?"

"Kwangu, kwa jirani, hata kwa yule mlevi Tihomir. Kila nyumba, tangu enzi za mababu. Ulidhani tunaandika namba kwa kupamba ukuta?"

Niliirudisha glasi mezani.

"Na mimi, miaka yote hii, unanimiminia lipi?"

"Wewe unalipwa na nani, mwanangu?"

Nilitoka uani nikampigia Miloje.

"Ulikuwa unajua habari za namba?"

"Mama yangu anatoka kijiji cha pili. Nani asiyejua?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unachekesha watu, Vida. Nikaona nisikukatishe."

Siku ile nilijichukia, nasema kweli. Mkwaju wangu ulikuwa sahihi, mapipa ni hamsini na sita na yataendelea kuwa hamsini na sita. Lakini namba nayo ilikuwa daraja la ubora, lilelile kwa nyumba zote, na sikuwa nimelipatia nafasi yake. Nikaliandika daraja kwanza, kisha pipa ndani ya nyumba, nikaendesha tena. Tofauti iliyobaki ilikuwa nusu ya kipimo. Katika kila daraja nyumba zote zilikuwa kitu kimoja. Hata dharau yao kwa serikali walikuwa wameichemsha kwa kiwango kilekile.

Ijumaa nilisimama palepale pa Jumatatu nikasema mbele ya walewale kwamba Miloje aliijua Drenjača na mimi niliijua kompyuta, na kwamba namwomba radhi. Hakuna aliyecheka. Profesa aliinua mkono akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna njia ya kujua yeye amekuwa akinyweshwa pipa lipi kwa miaka ishirini.

Muhuri ulitoka wakati wa masika, kwa madaraja manne. Kosara alituletea chupa mbili ofisini, akatubusu kwenye paji la uso, akaondoka na basi la saa saba. Ya Miloje ilikuwa na namba moja kwa chaki. Yangu ilikuwa na namba nne.

Miloje aliifungua ya kwake, akainusa, akafumba macho. Nilijifanya napanga karatasi.

"Hii ni ya harusi na matanga tu," akasema.

"Najua. Kunywa kwa afya."

"Lakini Jumatatu ile ulinizika mbele ya watu, Vida. Matanga gani tena tunayasubiri? Leta glasi."