Kioo, Uzi na Pua ya Khala Qudsia

Picha arobaini na moja, na katika zote fremu ya kioo ilitoka safi kama mtu aliyeoga kwa ajili ya Idi. Maua yake ya fedha ungeweza kuyahesabu moja moja. Ndani ya kioo palikuwa na mawingu mawili, moja jekundu na moja jeupe. Mawingu hayo ndiyo bibi arusi na bwana arusi.

"Mashallah," alisema Khala Qudsia, mama mdogo wa mtaa mzima, siku albamu ilipofunguliwa mbele ya kina mama. "Fremu imependeza. Sasa tuambie, binti, ina mchumba au tuitafutie?"

Kina mama walicheka mpaka tambuu zikawaponyoka midomoni. Tarannum, mpiga picha mwenyewe, naye alicheka, maana angelia wanja ungemchuruzika na wangepata la kucheka zaidi. Lakini tangu siku hiyo, kwa Chowk nzima, mitaa ya mji wa Lucknow, India, ambako habari haingoji simu, alikuwa Tarannum wa Fremu. Harusi mbili alizokuwa ameahidiwa zikapewa mwingine. Ya tatu ilikuwa ya Nuzhat, mpwa wa Khala Qudsia mwenyewe, na ilibaki kwa sababu Nuzhat alisimama kidete akasema anamtaka Tarannum na si mtu mwingine.

"Nakupa kioo kimoja," Khala alimwambia. "Ukiniletea fremu tena, weka kamera chini ukauze sambusa. Mteja wa kwanza nitakuwa mimi."

Kioo kimoja, basi. Nikaha ikishapita, maharusi hufunikwa mtandio mwekundu, msahafu na kioo vikawekwa mbele yao, na humo kiooni ndimo mume anamtazama mkewe mara ya kwanza akiwa mke. Jambo hilo halirudiwi kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari.

Tarannum aliipeleka kamera kwa fundi wa Aminabad. Fundi aliilenga kalenda, ikalenga sawasawa. Akailenga ndimu ya muuza juisi ng'ambo ya barabara, mpaka vitundu vya ganda vikaonekana. Akamrudishia.

"Dada, hii haina ugonjwa. Natamani mimi ningekuwa na afya kama yake."

"Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?"

"Hilo mimi sitibu."

Alirudi nyumbani amenuna. Mama mkwe wake, Amma Rafia, alikuwa barazani na kikapu chake cha nyuzi. Alikuwa ametarizi kanzu za watu miaka arobaini, na sasa macho yake yalikuwa yamechoka hata akawa anaomba atiliwe uzi kwenye sindano. Tarannum alimketisha mbele ya kioo, akamfunika mtandio, akainama pembeni na kamera. Chini ya mtandio Amma alifumba macho, akakunja midomo kwa madaha kama msichana wa miaka kumi na tisa.

"Fungua macho, Amma."

"Nifungue bure? Mwenyewe hajaniomba bado."

"Amma, hili ni jaribio tu."

"Jaribio au si jaribio, mimi si wa kufungua bure."

Tarannum alicheka, kisha akaelewa. Kamera ile ya kisasa ilikuwa imefundishwa kutafuta macho. Ikiona jicho, inalishika hata likikimbia. Lakini walioifundisha, huko ilikotengenezwa, mabibi arusi wao hawafumbi macho. Wa hapa hufumba, tena kwa ukaidi, mpaka mume ambembeleze. Muda wote huo kamera haioni jicho hata moja, basi inashika chochote kinachong'aa karibu, na kinachong'aa karibu ni fremu. Bibi arusi akifungua, kamera inashtuka, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na ikifika yeye ameshainamisha uso.

"Basi zima huo ujuaji wake," Amma alisema alipoelezwa, "ulenge kwa mkono wako."

"Nimeshajaribu. Gizani humo sioni vizuri. Nikalilenga ganda la kioo, yaani ubapa wake, nikalipata, na bado uso ukatoka ukungu."

"Kwani mimi niko kwenye ganda la kioo?" Amma alijifunua mtandio. "Wewe ukipaka wanja unaangalia kioo au unaangalia jicho? Pima kutoka kwako mpaka kwenye kioo. Halafu pima kutoka kwenye kioo mpaka puani kwangu. Vijumlishe. Huko mwisho ndiko niliko."

Akachomoa uzi mweupe kikapuni, akampa. Mwalimu wa Tarannum wa upigaji picha alimfundisha mengi kwa kumpigia kelele, wateja wakamfundisha mengine kwa kumcheka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwambia hilo.

Siku ya harusi kioo kililetwa, na hakikuwa kile alichokizoea. Kilikuwa cha ukoo, kidogo, kimeliwa na madoa, na fremu yake imejaa maua ya fedha kuliko ile ya kwanza. Hata hivyo alipiga magoti, akavuta uzi kutoka kwenye lenzi mpaka kiooni, akafunga fundo. Akauendeleza mpaka puani kwa Nuzhat, akafunga fundo la pili.

"Jamani," shangazi mmoja alipaza sauti, "anamtarizi bibi arusi!"

"Mshonee na mdomo basi, tupumzike!"

Sasa alihitaji mtu wa kushika ncha ya uzi mbali naye, uzi ukiwa umenyooka, ili kamera ijilenge kwake kwa umbali uleule. Aliangaza macho. Aliyekuwa karibu zaidi ni Khala Qudsia, na kipini chake cha dhahabu puani.

"Khala, niazime pua yako."

"Nini?"

"Pua, Khala. Fundo hili liweke kwenye kipini, usitikisike."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Khala alikodoa macho kama anayemtafuta wa kumpiga. Lakini harusi ilikuwa ya mpwa wake, na kila mtu alikuwa anatazama. Akaushika uzi puani, akasimama wima kama mlinzi wa benki. Kamera ikalishika jicho lake mara moja. Tarannum akazima kujilenga kwake, akaiacha pete ya lenzi bila kuigusa, akarudi chini ya mtandio na uzi, mpaka fundo la kwanza, ukiwa umekazwa kati ya lenzi na kioo.

Sarwat, bwana arusi, alikohoa.

"Bibi, fungua macho."

Nuzhat akakaza kope.

"Amesahau jina lako!" mmoja alitania kutoka nje ya mtandio.

"Nuzhat, fungua macho. Mimi mtumwa wako."

"Na chai asubuhi atapika nani?" Nuzhat aliuliza, macho yamefumbwa vilevile.

"Mimi."

"Kila asubuhi?"

"Kila… isipokuwa Ijumaa."

"Basi tutakaa hapa mpaka Ijumaa."

"Haya, na Ijumaa pia!"

Nuzhat akafungua macho. Tarannum akabonyeza.

Khala Qudsia ndiye aliyeinyakua kamera kwanza. Aliikuza picha, akaikuza tena, mpaka kope zikaonekana moja moja, na kando yake fremu ya fedha ikawa ukungu mtupu. Kisha akafuta jicho kwa ncha ya mtandio.

"Mwiteni kila mtu," alisema. "Waje waone kazi ya pua yangu. Na huyu binti msimwite tena jina lile. Ana jina alilopewa na wazazi wake."

Tarannum alirudi nyumbani na bakuli la wali mtamu wa zafarani, lililotumwa na Khala kwa "huyo mama mwenye uzi". Amma aliisogeza skrini ya kamera mpaka ikakaribia kugusa kope zake.

"Kafungua jicho moja kabla ya jingine," alisema. "Mjanja huyu. Atamtesa."

"Amma, sijui nikushukuruje."

"Nitilie uzi kwenye sindano, kitambaa kimelala tangu jana."

Tarannum alikaa miguuni pake, akaulowesha uzi kwa mate, akalenga tundu. Akakosa. Akakosa tena. Mara ya nne Amma akaanza kutetemeka kwa kicheko, bakuli la wali mapajani.

"Mpiga picha mzima!" alisema. "Endelea tu, mwanangu. Sina haraka."