Mvua Iliyo na Haya

Hakuna aliyeipenda sheria ya mwethya kuliko Mutheu, kwa kuwa ni yeye mwenyekiti aliyeitunga. Katika kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, pale juu ya Kyumbi, ilikuwa marufuku kumwaga samadi ya maji shambani mvua ikinyesha, isije ikateremka hadi kisimani. Mkosaji aliwapikia wote muthokoi, mahindi ya kutwangwa na maharagwe. Msimu uliopita Ngui, jirani yake, alikosa. Mutheu akamsimamia kama askari jela, na mwanamume wa watu akatwanga mahindi mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Sasa zamu ilikuwa ya Mutheu. Shimo la samadi lilikuwa limejaa pomoni, na siku hii ikimponyoka, kikundi kingemrudia mahindi ya wenzake yameshaota. Watu walifika na ndoo zao. Mvua nayo ikafika.

"Hii si mvua," Mutheu akasema upesi. "Ni manyunyu tu. Bebeni ndoo!"

Ngui akapangusa maji puani. "Mama Mueni, mwaka jana nilikuambia hivyo hivyo. Ukaniambia manyunyu ni mvua iko na haya."

Kicheko kikalipuka. Mutheu akajitia hamnazo, akachota ndoo ya kwanza mwenyewe, akamwaga. Samadi haikuingia ardhini. Iliruka ukingo wa mtaro, ikashika njia ya kisimani bila kumuuliza mtu. Nthambi, mmoja wa wanakikundi, akaikimbilia na jembe, akaiziba kwa udongo. Mutheu aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Maji ya kisima kile ndiyo waliyokunywa wote, na mwanawe Mueni pia.

Akaweka ndoo chini, akakohoa kidogo. "Mwenyekiti amempata Mutheu na kosa," akatangaza. "Atapika muthokoi. Na nitamsimamia mimi mwenyewe."

Walicheka mbavu zikawauma. Kisha wakaligeukia shimo, maana lilikuwa karibu kufurika.

Ngui akachukua jembe. "Sheria imekataza kumwaga. Kuchimba haijakataza. Tuchimbe shimo lingine hapa chini ya paa la zizi, tumwage jua likitoka."

"Na zamu yangu itakuwa imepita," Mutheu akasema.

"Chukua yangu ya Jumatatu. Mimi na bibi tulimwaga samadi yetu mapema, kukiwa bado na jua. Si ulinifunza?"

"Asante, Ngui," Mutheu akasema kwa sauti ndogo, akashika jembe, akaanza kuchimba kando yake.