Mama Yangu, Nambari Sabini na Tatu

Mimi sina subira, na watu wa ofisini walilijua hilo kabla hawajalijua jina langu. Nikiona kitu kimepinda, mkono unaniwasha mpaka nikinyooshe. Kwa hiyo Jumanne ile, printa ya ofisi yetu ya Thika ilipomaliza kutoa orodha ya mwisho ya watu wa Gatongora, kule Ruiru, sikungoja chai. Nilisimama palepale nikaanza kuisoma, na nilipofika nambari ishirini na sita nikarudia kusoma.

Orodha ile niliiandika mimi. Mto ulipofurika kule Ruiru na kubeba nyumba za mabati, nilizunguka ploti kwa ploti, yale majengo ya vyumba vya kupanga, nikiwa na gambuti za kuazima, naandika familia moja baada ya nyingine: jina la kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya mlango. Shirika letu lilikuwa na vifurushi mia moja na ishirini tu. Kila kifurushi kilikuwa na godoro, blanketi mbili, sufuria na meko, ule mtungi mdogo wa gesi wa kupikia. Nikaandika familia mia moja na ishirini, nikaacha nje wengine wengi waliostahili, na sura zao bado zinanijia. Sasa nambari ishirini na sita, mahali pa Katunge, palikuwa na mwanamume nisiyemjua.

Katunge namjua vizuri. Ni mama wa Kitui aliyekuwa akipika chapati nje ya lango la kiwanda. Maji yalichukua meko yake, meza yake na kila kitu isipokuwa ndoo ya unga aliyotoka nayo kichwani. Tangu siku hiyo analala kwenye sakafu ya kanisa na wanawe watatu, na kila asubuhi ananipigia simu: "Nelima, ni leo?" Nami kila asubuhi namwambia bado kidogo. Bila meko hawezi kurudi kazini, na bila kazi hawezi kutoka kanisani.

Nikaendelea kusoma. Watu kumi na mmoja walikuwa wametolewa na wengine kumi na mmoja wametiwa. Nambari sabini na tatu ilisema: Robai Nekesa Barasa.

Huyo ni mama yangu. Anaishi Kimilili, na mafuriko ya Ruiru aliyaona kwenye runinga ya jirani.

Nikashuka ngazi mbilimbili hadi ghalani. Msimamizi wa ghala, Dismas, ni ndugu ya mama. Kwetu Wabukusu mtu huyo ni khocha, na khocha si mtu wa kubishana naye hivihivi, kwa maana baraka yake ukiikosa utaitafuta maisha yako yote. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la magodoro anakula ndizi.

"Khocha, nani ameguza list yangu?"

"List yako? Si ni ya shirika?"

"Mama anafanya nini humo ndani?"

Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera. "Dada yangu analala kwa mkeka, Nelima. Mgongo unamuuma. Mimi na wewe tunagawa magodoro kila mwezi, na yeye analala chini. Hiyo si aibu?"

"Na Katunge je?"

"Katunge ni dada ya nani hapa?"

Nikamwambia siku hiyohiyo majina yatasomwa mbele ya watu, na watu watayakataa. Huo ndio utaratibu wetu: kabla ya kugawa chochote tunasoma orodha hadharani, na jina lisilopingwa linapita. Dismas akacheka, cheko la mtu anayemhurumia mtoto.

"Watakataa aje? Kwa ploti nani anajua jina la ID ya jirani yake? Huko wote ni Mama Nani na Baba Nani. Utasoma, watanyamaza, itapita. Kwani Juja ilikuwa aje?"

Nikaikumbuka Juja. Mwaka uliopita tuligawa unga kule, nikasoma majina themanini, uwanja wote kimya, nikarudi Thika nikijisifu kwamba orodha yangu haina doa. Sasa nikaelewa kile kimya.

"Hata Madam ako na watu wanne hapo," akaongeza kwa sauti ya chini. Madam ni Magdalene, meneja wetu. "Hata driver wetu yeye ndiye alimleta, ni kijana wa dada yake. Unafikiri utanishtaki kwa nani? Na wewe mwenyewe, uliingia hapa kwa mlango gani?"

Mlango wangu ulikuwa yeye. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili na diploma yangu ndipo aliponipeleka kwa Madam, bila tangazo wala mahojiano, nikaanza kazi Jumatatu iliyofuata. Mshahara huo ndio unaomsomesha mdogo wangu Mourine.

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akasema, akanikatia nusu ya ndizi yake. Nikaila. Mpaka leo naona aibu kwamba niliila.

Njia nzima hadi Ruiru, ndani ya kanta, lori dogo lililobeba vifurushi, nilifungua kalamu nikaifunga. Ningeweza kulikata jina la mama kimyakimya na kuyaacha yale mengine kumi, nikawa nimejisafisha mimi peke yangu. Ningeweza kusoma kama nilivyosoma Juja. Nilipanga hivi, nikapangua, nikaanza kupanga tena, na Dismas kando yangu alikuwa amesinzia kama mtu asiye na deni na yeyote.

Watu walikuwa wameshajaa kwenye uwanja wa kanisa. Katunge alikuwa mstari wa mbele, amejifunga leso mpya, na watoto wake wamepakwa mafuta wakang'aa. Aliponiona alinipungia mkono. Nikainamisha macho kwenye karatasi, nikashika kipaza sauti, nikaanza kusoma.

Mambo yakaenda kama khocha alivyosema. Jina, kimya. Jina, kimya. Nilipofika ishirini na sita nikasoma, "Ephantus Macharia Irungu," nikangoja. Mzee mmoja akapiga miayo. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa kila mmoja alidhani huyo Ephantus ni jirani wa mwenziwe. Katunge alikuwa akitabasamu tu, anangoja zamu yake. Hapo nikachoka.

"Tunaanza upya," nikasema. "Jina la kitambulisho halitoshi. Nikikusoma, simama tukuone. Kama mtu yuko kazini, jirani atuambie kwa ploti anaitwa nani na mlango wake ni upi."

Uwanja ukachangamka. Niliposoma "Lydia Muthoni Kamau", sauti tatu zilijibu pamoja: "Mama Shiro! Mlango wa mwisho, karibu na choo!"

"Haiya! Kumbe Mama Shiro ni Lydia?" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Ikawa kama sherehe. Watu wameishi ukuta kwa ukuta miaka sita, wamekopeshana chumvi na kuuguziana watoto, na siku hiyo ndiyo kwanza wanajuana majina. Nikafika tena kwa Ephantus Macharia Irungu. Hakuna aliyesimama, na hakuna aliyejua mlango wake.

"Huyo hatumjui," akasema Wanja, mama mnene muuza mboga ambaye ploti zote zinamjua. "Futa."

Nikafuta. Kule kwenye kanta Dismas aliacha kushusha vifurushi, akasimama mikono kiunoni.

Kufikia nambari sabini nilikuwa nimefuta watu saba, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Wanja akatoka mstarini akaja karibu yangu.

"Hebu tuambie, madam. Hawa watu wanatoka wapi? Nani huwa anawaandika?"

Macho yote yakanigeukia, kwani mwenye karatasi nilikuwa mimi. Nambari sabini na moja akasimama, sabini na mbili akasimama. Kisha sabini na tatu. Najua mtakaloniambia: ningelisoma tu, wangesema hawamjui, ningefuta na hadithi ingeishia hapo. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale. Lakini Wanja alikuwa ameuliza swali na alikuwa bado anangoja jibu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mjanja.

"Robai Nekesa Barasa," nikasema. "Huyu mimi namjua. Ni mama yangu mzazi, anaishi Kimilili. Hajawahi kukanyaga Ruiru. Namfuta."

Kama mlidhani nilipigiwa makofi, hamwajui watu waliolala sakafuni mwezi mzima. Wanja akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai," polepole, na nyuma mtu akapaza sauti, "Kumbe ni wewe!" Mwingine akadakia, "Mwizi ndio huyo, ameshika mic!" Nilijaribu kueleza kwamba si mimi niliyemwandika, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Dismas akarudi kushusha vifurushi.

Nikasoma hadi mwisho. Majina kumi na moja yalifutika, nikatoa daftari langu la awali na kuwarudisha wenyewe wote kumi na mmoja. Katunge alipata godoro, blanketi, sufuria na meko. Nilimpa mwenyewe kwa mikono yangu, nikitumaini atanitazama.

"Asante, madam," akasema, akachukua mtungi na kuondoka. Siku zote aliniita Nelima.

Ijumaa Madam Magdalene aliniita ofisini kwake, akanisukumia barua juu ya meza. Nilikuwa nimesimamishwa kazi ili nichunguzwe. Mzazi wa mfanyakazi ameonekana kwenye orodha, na sahihi iliyo chini ya orodha ni yangu, kwa kuwa msajili ndiye anayetia sahihi.

"Na yale majina mengine kumi?" nikamuuliza.

"Hayana mwenyewe," akasema kwa upole. "Hakuna anayejua ni ya nani. Ni hilo moja tu liko na mwenyewe, Nelima, na mwenyewe ulijitaja kwa mic."

Nilitoka nimeikunja barua ile ngumini. Dismas alikuwa ananingoja chini ya ngazi. Nilitaka kumpita, akanishika kiwiko.

"Ulinitia aibu," akasema. "Lakini bado wewe ni mwana wa dada yangu. Wale watu wanne wa Madam, wao ni nani, ni mimi peke yangu najua. Wacha nimkumbushe hiyo. Neno moja tu. Jumatatu utakuwa kwa desk yako."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu Jumanne, nimeyapanga vizuri: asithubutu, sitaki kurudi kwa mlango ule tena, heri nikauze sukuma wiki. Nikafungua kinywa. Nikamwona Mourine na karo yake ya muhula, nikaiona kodi ya nyumba yangu Mugutha, nikamwona mama kwenye mkeka wake. Nilikuwa nimelia, na sikuwa nimekula tangu jana yake.

"Utamwona Madam saa ngapi?" nikamuuliza.