Gobore la Hilaria

Mwaka 2004, vijana wa Moshi waliopenda michezo ya vita ya kompyuta walikuwa na shujaa wao, Primus wa Shirimatunda. Walikutana kwenye duka la intaneti la Eliezeri, nyuma ya stendi, ambako kompyuta ziliunganishwa kwa nyaya ili watu wapigane kikosi kwa kikosi. Primus alitumia bunduki ndefu yenye darubini. Risasi yake moja ilitosha kumlaza adui aliye upande wa pili wa uwanja, na waliosimama nyuma ya kiti chake walipiga makofi.

Lakini kapteni wa kikosi chao alikuwa Hilaria, binamu yake. Wapo waliodhani kapewa cheo kwa kuwa ni mfanyakazi wa duka. Kumbe alipoanza kucheza, wavulana walimwachia silaha wasizozitaka wenyewe: bastola, bomu la moshi, na bunduki fupi ya risasi za kutawanyika waliyoibatiza gobore. Hakulalamika. Alizicheza mpaka akajua kila moja inaweza nini na inashindwa wapi. Gobore halimfikii aliye mbali, ila ndani ya chumba halina mpinzani. Rashasha inafaa karibu kila mahali, lakini ukiing'ang'ania kwa kufyatua mfululizo, mdomo wake unapanda na risasi zinaishia darini. Na bunduki ndefu, silaha ya wenye majina, ukikosa nayo lazima usubiri ijikoki, na katika kusubiri huko hata mwenye bastola anakumaliza.

Jumamosi moja mchana, kikosi cha Arusha kiliteremka Moshi kutafuta ushindani. Walikuwa vijana watatu, fulana zao sare. Kiongozi wao, Yohana, naye alikuwa mtu wa bunduki ndefu, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Upande wa Moshi walikaa Hilaria, Primus na Fredy, fundi redio mpole asiyependa maneno mengi. Duka lilijaa hadi mlangoni. Mama yake Hilaria, Bernadetha, alikuwa ameacha ndizi zake sokoni Kiboriloni mikononi mwa jirani, akaja kuona kitu gani kinachomkalisha binti yake mbele ya kioo cha kompyuta.

"Shikamoo mama," Yohana alimwamkia.

"Marahaba, baba. Karibuni Moshi."

Walipigana kwenye ramani ya mchezo yenye bohari: uwanja mrefu ulio wazi, kisha vyumba na korido nyembamba. Mambo yalianza vibaya. Kila raundi Primus alikimbilia uwanjani kupimana na Yohana, darubini kwa darubini, na kila raundi Yohana alimwahi. Wakibaki wawili, Hilaria na Fredy walizidiwa. Makofi yakakoma. Walipofika nusu ya mchezo, Arusha walikuwa wakiongoza kwa mbali, na Eliezeri akatangaza mapumziko.

Hilaria alimvuta binamu yake pembeni, karibu na dirisha.

"Weka ile bunduki chini, Primus."

"Watu wote hawa wamekuja kuniona nayo."

"Yohana naye amekuja kukuona nayo. Anajua utasimama wapi kabla hujafika."

"Nikiiacha watasema nimemwogopa."

"Watasema hivyo mpaka tumfikie chumbani. Huko ile yake haimsaidii. Uwanjani tukimfuata tunajipeleka wenyewe."

Primus alikuwa amejijengea jina kwa silaha moja, na si rahisi mtu kuvua jina lake mbele ya mji mzima. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, "Nishike nini?"

"Rashasha. Piga mbilimbili, usiing'ang'anie. Fredy atarusha bomu la moshi, sisi tutapita ndani yake."

Raundi iliyofuata, uwanja wa bohari ulijaa wingu jeupe. Yohana alifyatua humo bila kuona, risasi zikapita bure. Wingu lilipotawanyika, Hilaria alikuwa tayari koridoni na gobore, na Primus mgongoni kwake. Chumba cha kwanza kikasafishwa. Cha pili pia. Mzee mmoja aliyekuja kutuma barua pepe akaacha shughuli yake na kugeuza kiti.

"Moshi umewafika," mtu akasema nyuma, na duka zima likacheka, hata wageni.

Arusha hawakuwa wajinga. Walibadilika, wakaanza kuvizia milangoni, nao wakapata raundi zao. Lakini Primus aliyesahau makofi alikuwa hatari kuliko yule wa zamani. Alimlinda Hilaria kila kona bila kutaka kuonekana. Pole pole wakawafikia, hadi ikabaki raundi moja ya kuamua.

Katika raundi hiyo Fredy alianguka mapema. Primus alimwangusha mmoja, naye akaangushwa. Hilaria akammaliza wa pili kwa gobore, na hapo risasi zikamwishia. Yohana alikuwa amebaki peke yake, nyuma ya makasha mwisho wa chumba.

"Jaza," watu walinong'ona. "Jaza upesi."

Gobore hujazwa risasi moja baada ya nyingine, na Hilaria alijua Yohana anasikia mlio wa kila moja ikiingia. Akaingiza moja tu, makusudi. Yohana, akidhani bado anajaza, akachomoka kumwahi. Risasi ya bunduki yake ndefu ikapiga ukuta, kwa sababu Hilaria alishahama, na gobore alishaliacha na kushika bastola. Kabla bunduki ndefu haijajikoki, alifyatua mara kadhaa kwa utulivu, na jina la Yohana likafutika kwenye kioo.

Duka lilitikisika kwa vifijo. Primus alikuwa wa kwanza kusimama. Alimshika Hilaria bega, akawageukia watu na kusema, "Huyu ndiye kapteni wetu," akayarudia maneno hayo kwa wale waliokuwa mlangoni.

Yohana alikuja akampa mkono. "Ile risasi moja ulinidanganya nayo."

"Ulikuwa na haraka ya kuniua," Hilaria alisema, nao wakacheka.

Bernadetha hakuwa ameelewa nusu ya mambo. Alikuwa ameuliza mara kwa mara, "Mwanangu ni yupi humo ndani?" mpaka mtu akamwonyesha. Lakini alielewa uso wa binti yake. Aliwachukua wote, wenyeji kwa wageni, mpaka nyumbani kwake Kiboriloni, akawapikia mtori wa ndizi na nyama kabla basi la Arusha halijaondoka.

Jumapili, baada ya misa, wanawake wenzake walimzunguka nje ya kanisa.

"Tunasikia Hilaria amewapiga Arusha. Kwa bunduki?"

Bernadetha akatengeneza kitenge chake kiunoni, taratibu, ili wote wapate nafasi ya kusogea karibu.

"Bunduki walikuwa nazo wao," alisema. "Wa kwangu aliwamaliza kwa bastola."