Pankrasi Asiende Mpitimbi

Mdogo wangu Pankrasi alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa koti lake la kijivu na kofia, viatu vinang'aa. Nikajua. Amesikia mjukuu wangu Oswald anataka kumposa Violeth wa Mpitimbi, na ameshajiona mshenga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, nachambua maharage."

Akavuta kigoda, akaanza kuchambua na mimi, huku ananisimulia atakavyoingia, atakavyobisha hodi, atakavyoanza na habari za mashamba. Jana yake tulikuwa na kikao cha ukoo, na wote walisema Pankrasi asiende. Binti yangu Edna, mama yake Oswald, alisema mjomba hana meno ya mbele, ukweni watasema tumewatumia kibogoyo. Mwingine akasema ameoa Mwislamu, na wale wa Mpitimbi ni Wakatoliki watupu. Nikawaambia meno hayaposi mtu, na Sharifa ni wifi yangu, nilipougua ni yeye aliyeniogesha. Lakini hata mimi nilisema asiende, kwa sababu yangu. Wakasema basi, bibi, utamwambia mwenyewe.

"Pankrasi, hatutakutuma."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Ni meno?"

"Si meno."

"Ni mke wangu?"

"Sharifa ningempata wa pili ningeshukuru Mungu. Ni hasira zako, mdogo wangu. Umesahau ya Osmund?"

Kwetu mshenga hapokewi vizuri siku ya kwanza. Anakalishwa nje, anaulizwa kama amepotea njia, anataniwa mpaka basi. Wanapima familia aliyotoka. Tulipomposea mwanangu Osmund, wazee wa kule walimwambia Pankrasi, "Hapa binti hatuna, tuna mbuzi." Naye akawajibu, "Basi kaeni na mbuzi wenu," akarudi kwa miguu mpaka kwetu Ruhuwiko. Ilipita miaka miwili ndipo wakakubali kutusikiliza tena.

"Walinitukana wale."

"Walikutania."

"Walinitukana, dada. Na wewe leo unanitukana."

Akainuka, ungo nusura umwagike, akaenda zake. Kofia akaiacha.

Niliendelea na maharage yangu. Ule upara hauwezi jua la saa sita. Alifika kwenye mashine ya kusaga, akageuka.

"Nimefuata kofia."

"Hiyo hapo."

Akaichukua, hakuivaa. Akakaa tena, akaokota punje zilizoanguka chini, moja moja.

"Hata wewe nimeshindwa kukuvumilia," akasema.

"Hukuvumilia hata kidogo."

Tukachambua. Baadaye akasema, "Mtumeni Sixbert."

Sixbert ni mwanawe, seremala wa Bombambili. Ana kigugumizi, neno moja linaweza kumchukua muda wa mtu kujifunga kitenge.

"Watamcheka," nikasema.

"Anachekwa tangu darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nagombana na wazazi wenzangu. Yeye alikuwa anacheka pamoja na watoto wenzake. Wa Mpitimbi hawamwezi."

Wiki nzima alimfundisha maneno ya kuanzia. Jumamosi Sixbert akaenda, na baba yake akashinda kwangu, kofia gotini, kila pikipiki ikipita anachungulia barabarani. Jioni Sixbert akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wa-wamekubali tu-turudi na wazee," akasema.

Nikapiga kigelegele kidogo, cha kizee. Pankrasi akamshika mwanawe mkono, hauachii.

"Walikwambiaje ulipofika?"

Sixbert akacheka. Akatueleza polepole, na sisi tukamsubiri. Walimwambia binti hawana, labda achukue bata. Akaomba kigoda, akasema atamsubiri huyo bata. Akakaa juani mpaka saa tisa, ndipo Violeth akatumwa kumletea maji.

"Bata?" Pankrasi akasema. "Mwanangu walimwambia bata?"

Akasimama, kofia kichwani.

"Kaa, Pankrasi," nikamwambia.

Akanitazama. Akakaa.